Utepe Mwekundu Juu ya Bodi Yako

Machi 4

Mdogo wangu,

Leo mvua imeanza, na leo Shemeji amemleta mtu wa kukaa kwenye kiti chako. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa karakana hakuna wa kumwambia ninayoyafikiria juu ya mtu huyu bila kuonekana mgomvi. Unanijua, mdomo wangu mzito. Daftari ni lile lako la michoro ya nyaya. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu.

Mtu mwenyewe ni Mtaalamu. Ndivyo mumeo anavyomwita, nasi wengine tunafuata. Ana miaka arobaini hivi, viatu vyeupe, na begi lenye mifuko mingi kuliko vitu alivyo navyo. Ndani ya saa moja alikuwa amesema "hakika" mara kumi na nne. Nilihesabu kwa kuchora vijiti pembeni mwa gazeti. Nimempa jina la Bwana Hakika, la moyoni tu.

Kazi aliyoikuta unaijua kuliko yeye. Visanduku kumi na viwili vya kuwekwa kando ya mto, kila kimoja na kikompyuta chake ndani, boya la kupima maji na king'ora. Maji yakipita alama, king'ora kinalia na watu wa bondeni wanapanda juu. Wewe ulituachia kimoja kinachofanya kazi, kile cha majaribio, kipo mezani pako. Hivi kumi na viwili nimeviunganisha mimi baada ya mazishi, kwa mchoro wako. Kilichobaki ni kuandika ile Linux yako, yaani mfumo wa kuviendesha, kwenye kadi ndogo za kumbukumbu, kuzichomeka, na visanduku viwake.

Hakuna hata kimoja kilichowaka.

Machi 5

Uliwahi kunifundisha kwamba bodi, yaani kikompyuta chenyewe, inapoamka huwa inazungumza. Unachomeka waya kwenye zile pini tatu, na kompyuta inakuonyesha mistari ambayo bodi inaandika. Kwanza anasema mwamshaji, ile programu ndogo inayokaa ndani ya bodi yenyewe. Mwamshaji anaamsha kiini. Kiini kinatafuta mzizi, yaani mafaili yote yaliyomo kwenye kadi. Kikiupata, kazi inaanza.

Kwenye bodi mpya mwamshaji anazungumza vizuri. Kiini kinaanza vizuri. Halafu kinaandika kwamba hakikuupata mzizi, na kinanyamaza, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Tukachukua kadi ileile tukaichomeka kwenye bodi yako. Ikawaka mara ya kwanza, king'ora kikagonga kidogo kama kawaida yake.

Bwana Hakika akamgeukia Shemeji. "Kadi ni nzima, hakika. Mfumo ni mzima, hakika, si umeona mwenyewe umewaka. Basi ubovu uko kwenye solda."

Alisema hivyo nami niliyeunganisha nyaya zote nikiwa nimesimama mbele yake, pasi ya solda mkononi. Miaka ishirini na sita nimetengeneza redio, mdogo wangu. Nimeunganisha nyaya nyembamba kuliko nywele zake, zile alizobaki nazo.

Kisha nikaona mkono wake unakwenda kwenye pini tatu za bodi yako. Nikamwambia kuchomeka kadi na umeme ni ruksa, lakini zaidi ya hapo hakuna mkono utakaogusa. Nikakata utepe mwekundu, nikafunika pini, nikaandika juu yake kwa kalamu: USIGUSE. Shemeji aliutazama ule utepe kwa muda, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. 

Machi 6

Mvua. Haiwaki.

Machi 7

Mvua. Haiwaki. Bwana Hakika amesema tatizo ni dogo.

Machi 9

Nimekwenda kwa Mama, bondeni. Maji bado yako mbali na ngazi yake, lakini sauti ya mto imebadilika, imekuwa nzito. Nikamwambia ahamie kwangu mpaka mvua zikatike. Chumba kipo, kitanda kipo.

"Nitahama kikilia," akasema.

"Mama, bado hakijafungwa."

"Mdogo wako aliniambia, Mama, usisumbuke na mto, kitalia, wewe utasikia, utatoka. Yeye hakuwahi kunidanganya. Wewe ulinidanganya juu ya mtihani wa darasa la sita."

"Hiyo ni miaka arobaini, Mama."

"Nami bado nakumbuka."

Jirani zake wawili walikuwa pale mlangoni, nao wanasema hivyohivyo. Wanasubiri kulia kwa chombo chako. Nimerudi nikimchukia Bwana Hakika kwa niaba ya mtaa mzima.

Machi 12

Nimezirudia solda zote. Bodi kumi na mbili, kila nukta, kwa kioo cha kukuzia. Siku tatu. Jana mgongo ulinikatalia kunyooka.

Leo tumechomeka kadi. Mwamshaji, kiini, mzizi haukupatikana, kimya. Zote kumi na mbili, kwa mstari uleule.

Sikuwahi kufurahi hivyo kitu kukataa kuwaka. Nikamwuliza, "Mtaalamu, solda vipi?"

Akatazama kiatu chake. "Inawezekana ni umeme," akasema. "Tena hakika ni umeme."

Machi 14

Si umeme. Amebadilisha vyanzo vya umeme vya aina nne. Vyote kwa bodi yako ni sawa, kwa hizi nyingine ni bure.

Anakula karanga juu ya meza yako. Maganda yanaingia kwenye nafasi za kadi. Wewe ulikuwa unapuliza kadi kabla ya kuichomeka, fyuu, nami nilikuwa nakucheka kwamba kadi si uji. Sasa napuliza mimi, kutoa maganda ya mtaalamu.

Machi 17

Anajenga mfumo upya kutoka mwanzo. Kompyuta inachukua saa saba kuupika wote, naye muda wote huo anakaa akitazama mistari inavyopita, mikono nyuma ya kichwa, kama mwenye shamba. Mistari hiyo ingepita hata angekuwa amelala kwao.

Saa kumi jioni ulikuwa tayari. Kwenye bodi yako, ukawaka. Kwenye zetu, mzizi haukupatikana.

Shemeji akauliza, "Sasa?"

"Tunajenga tena," akasema Bwana Hakika.

Shemeji naye siku hizi ni mtu wa kuuliza "sasa" tu. Anapita na kikombe cha chai kilichopoa, anauliza sasa, anaondoka. Zamani chai iliyopoa ilikuwa yako. Sijui kama anajua kwamba anakuiga.

Machi 18

Amejenga tena. Haiwaki.

Machi 19

Mvua.

Machi 20

Mvua. Haiwaki.

Machi 22

Leo tumegombana, kama mimi naweza kuitwa mtu wa kugombana.

Alikuja asubuhi hana karanga, akaketi mbele ya bodi yako, akaiangalia kwa muda bila kuigusa. Kisha akaniita.

"Mzee. Hii bodi ina nini ambacho zile hazina?"

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo, Mzee."

Aliisema taratibu, lakini aliisema. Nikaweka pasi chini nisije nikafanya kitu.

"Naomba tubandue huu utepe," akaendelea. "Nisome tu inavyoamka. Siandiki chochote."

"Ulisema ni solda. Ukasema ni umeme. Ukasema ni mfumo. Sasa unataka kuharibu na ile moja inayowaka, tuwe sawa wote?"

"Nataka kusoma."

"Kasome shule."

Mafundi wengine wakacheka. Shemeji alikuwa mlangoni. Bwana Hakika akamgeukia yeye, maana ndiye mwenye karakana, na Shemeji akautazama utepe, akasema, "Iache." Neno moja. Likaisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshinda.

Machi 27

Afisa wa maji amekuja kuona visanduku. Amepigwa picha amekishika kimoja, amekiinamisha upande wa boya, yaani kichwa chini. Akauliza vitaanza kazi lini. Shemeji akasema karibuni. Bwana Hakika akasema, "Hakika." Afisa akaandika karibuni kwenye karatasi yake, akaondoka kwa gari lenye vioo vya giza. Watu watatu wamesema uongo kwa maneno mawili, nami nilishika mlango.

Machi 30

Ngazi ya kwanza ya Mama iko chini ya maji. Anasema ngazi ziko tano.

Aprili 1

Mvua. Haiwaki.

Aprili 2

Bwana Hakika amekuja na wazo. Nilidhani mawazo yamemwisha.

"Sanduku la marehemu lina betri, lina boya, lina king'ora, na linawaka," alimwambia Shemeji. "Kwa nini lisifungwe kwenye daraja la chini leo, wakati sisi tunahangaika na haya?"

Shemeji akanitazama mimi. Kila mtu akanitazama mimi, kana kwamba kisanduku nimekirithi mimi.

Nikamwambia mtu aliyeshindwa kuamsha bodi kumi na mbili asinipangie ya kumi na tatu. Nikamwambia kile si kifaa cha karakana. Nikamwambia alipokuwa anavaa viatu vyeupe kwenda sijui wapi, mdogo wangu alikuwa chini ya meza ile miguu mitupu, waya umemfunga nywele, homa imempanda, anakitengeneza kisanduku kile. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika kwa sababu hukupenda kuyasikia.

Akachukua begi lake, akaenda kukaa dirishani. Nikasema moyoni, hata kujibu hawezi.

Aprili 3

Nimekwenda kwa Mama na mkokoteni, nikiwa nimeamua kumbeba kwa nguvu. Ngazi tatu ziko majini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni, amevuta sketi hadi magotini, anachambua mchele kana kwamba ni siku kama siku nyingine.

"Twende, Mama."

"Kimelia?"

"Hakijalia."

"Basi hatwendi." Akatupa jiwe dogo nje, nikalisikia likitumbukia majini. "Kiko wapi chombo cha mdogo wako?"

"Karakana."

"Kimeharibika?"

"Hapana. Vimeharibika vile vingine. Chake kinawaka."

"Kinawaka, kinafanya nini?"

"Kipo tu, Mama. Mezani pake. Tumekitunza."

Aliacha kuchambua. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya mtihani wa darasa la sita.

"Mmekiweka kabatini kama sahani za wageni," akasema. "Mgeni ndiye huyo, keshafika mlangoni. Mnamsubiri nani mwingine?" Akaonyesha maji kwa kidole cha mguu.

Nilisimama pale na mkokoteni wangu. Akarudi kwenye mchele.

"Ukiondoka vuta mlango," akasema. "Unaacha wazi kila siku."

Aprili 4

Nitaandika yote, nikae nayo.

Nilifika karakana kabla ya wengine, isipokuwa yeye. Alikuwa tayari dirishani. Sikumsalimia. Nikakaa mezani pako, nikabandua utepe. Gundi ilibaki kwenye pini, nikaifuta kwa pamba na spiriti. Kisha nikasema, "Soma. Nakala ya kila kilichomo ibaki hapa. Halafu nakipeleka darajani."

Akaja. Hakusema hakika. Akachomeka waya kwenye bodi yako, na waya mwingine kwenye bodi moja ya kwangu, akaziamsha zote mbili na kusimamisha kila mwamshaji kabla hajaamsha kiini. Bodi yako upande huu wa kioo cha kompyuta, yangu upande ule. Akawa anasoma maagizo ya kila mwamshaji kwa sauti, moja la kwako, moja la kwangu, kama mwalimu anayeita majina. Sawa. Sawa. Sawa.

Mstari wa tisa alinyamaza.

"Mzee, njoo uone. Hapa pana neno moja la ziada."

Neno lenyewe ni agizo kwa kiini: usitazame kadi mara moja ukakata tamaa, subiri mpaka ionekane. Basi. Kadi hizi huchelewa kidogo kuamka. Kiini kinafika, kinatazama, hakioni kitu, kinakufa. Kwenye bodi yako kinasubiri.

"Sikulitafuta," akasema Bwana Hakika, "kwa sababu nilidhani maagizo yote yamo kwenye kadi, na kadi iliwaka hapa. Kumbe hili aliliandika kwa mkono, ndani ya kumbukumbu ya bodi yenyewe. Hakuliingiza kwenye mfumo."

Akaliandika neno hilo kwenye bodi yangu. Akaiwasha. Mwamshaji, kiini, kimya kidogo, halafu mzizi ukapatikana na mistari ikaanza kumiminika, na king'ora kikagonga. Haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa umekunja mguu mmoja kitini, ukaandika kitu kidogo, ukacheka, ukasema, "Hii nayo ina haraka, nimeiambia isubiri." Mimi nilikuwa pale pale nashikilia taa. Ulisema utaliweka mahali pake kesho. Kesho yake ulilazwa.

"Mwezi mzima, Mzee," akasema, akiangalia kioo, si mimi. "Ningeisoma siku ya pili tu."

Nilingoja aendelee. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilistahili. Alichofanya ni kusogeza kiti, nikae.

Dharau yote niliyompangia mtu huyu, leo nimetafuta pa kuiweka. Imenienea kabisa mimi mwenyewe. Naweza kusema kwamba mtaalamu wa kweli angelikisia neno lile bila kuona bodi yako, na nadhani ni kweli, lakini nasema hivyo kujifariji. Alitafuta jibu mwezi mzima, na viatu vyake vyeupe, na mahali lilipokuwa nilikuwa nimeziba mimi, kwa utepe, na nikaandika juu yake.

Na wewe pia, mdogo wangu. Ulisahau. Nilikuwa nimekuweka mahali ambapo mtu hasahau kitu.

Shemeji alipofika akasema "sasa?" kwa mazoea. Bwana Hakika akamwonyesha. Shemeji akasoma lile neno, akalisoma tena, akaketi juu ya boksi la nyaya na kucheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko.

Visanduku vyangu vilikuwa bado havina betri wala mifuniko, vilihitaji siku mbili. Chako kilikuwa tayari. Saa tisa mchana tulikifunga kwenye nguzo ya daraja la chini, mimi na Bwana Hakika, maji yakituosha viuno. Viatu vyeupe aliviacha karakana. Nilikaza skrubu nne. Alinishikia ngazi na hakuteleza.

Aprili 5

Kimelia saa nne asubuhi.

Nilikuwa kichwani mwa barabara ya bondeni na mkokoteni. Sikujua kama sauti yake ingefika, lakini ilifika, mbaya, kali, kama ulivyoitaka. Milango ikafunguka. Walitoka na magodoro, na kuku, na masufuria kichwani. Hakuna aliyekimbia. Walitembea kama watu walioitwa.

Mama alitoka wa mwisho kwenye uchochoro wake. Kigoda kichwani, redio kwapani, mchele kwenye fundo la kanga. Alifika kwangu, akaweka kigoda juu ya mkokoteni, akapanda yeye mwenyewe.

"Nimemsikia," akasema.

Saa sita maji yalipita juu ya daraja. King'ora kikaendelea kulia chini ya maji kwa muda, sauti ikawa ya puani, kisha nguzo ikalala na kila kitu kikaenda. Tulikuwa tumesimama juu tunatazama. Bwana Hakika akavua kofia, mvua ikampiga kwenye upara. 

Nyumba tisa zimekwenda. Ya Mama imebaki ukuta mmoja. Tumehesabu watu mara tatu, wote wapo.

Aprili 7

Jua kidogo. Tumefunga mifuniko sita.

Aprili 12

Visanduku kumi na viwili viko kwenye nguzo zake, vyote vinawaka. Bwana Hakika ameliingiza neno lako kwenye mfumo, ili kila kadi itakayoandikwa kuanzia leo iwe nalo. Akaniuliza aandike nini pembeni yake, kwa atakayekuja baadaye. Nikamwambia aandike kwamba ni lako, na kwamba lilisahauliwa, na nani alilificha. Akafikiri. Akaandika: "Lisiondolewe. Aulizwe fundi wa solda." Ana mwandiko mbaya hata kwenye kompyuta. Bado anasema hakika, bado anakula karanga, na bado simpendi sana. Kesho nitampelekea bakuli la kutilia maganda.

Mama yuko kwangu. Ameshalalamikia godoro, chai, na jinsi ninavyofunga mlango. Sina kitu chako tena, mto umekichukua, na kurasa za daftari hili zimefika ukingoni. Huko uliko, ukiwahesabu wa kwenu, nami unikumbuke.